Chaki ya Buluu Ghalani

Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, lakini kazini hakuna anayelitumia. Wote humwita Bi Nionyeshe. Alipachikwa jina hilo na wahasibu wa kampuni anazozikagua, na hawakumpachika kwa mapenzi. Ukimwambia gari la kampuni liko gereji, atakuuliza gereji gani, kisha atachukua mkoba wake aende kulitazama. Ukimwambia mashine imehamishiwa kiwanda cha pili, atakuomba umwelekeze njia. Mkaguzi wa hesabu, husema yeye, halipwi mshahara kwa kuamini watu. Hata mama yake mzazi akimwambia amekwisha kumeza dawa, hufungua kopo akachungulia, na mama huyo siku hizi amechoka kubishana, humwachia kopo wazi mezani.

Mumewe ni fundi cherehani asiyeishiwa na mzaha. Huwasimulia wageni kwamba siku alipompelekea pete ya uchumba, aliulizwa risiti iko wapi. Bi Nionyeshe hukana, lakini hukana huku akicheka, kwa hiyo huenda ni kweli.

Watu wa namna hii wanachosha, tusidanganyane. Ila ukiwa na mali yako mahali na hujui kama bado ipo, utamtafuta huyo huyo.

Mambo ninayotaka kuyasimulia yalitokea kwenye kampuni inayouza vifaa vya ujenzi: vigae, rangi, masinki, mabomba. Nyuma ya ofisi kuna ghala refu lenye paa la bati, na ghala hilo lilikuwa na mwenyewe. Si kwamba alilimiliki. Alilitunza tu, lakini alivyolitunza ungedhani amelirithi. Funguo zake alizifunga kiunoni kwa mnyororo, akitembea zikilia, na ndiyo maana wafanyakazi walimwita Kufuli. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu wa maneno, na salamu kwake ilikuwa kama kodi: aliitoa akilazimishwa.

Yeye na Bi Nionyeshe damu zao hazikupatana tangu siku ya kwanza. Kufuli alimsimamisha mlangoni mpaka avue viatu vyake vya visigino na kuvaa mabuti ya ghala, yaliyokuwa makubwa kama mitumbwi. Mwaka uliofuata akamwambia mbele ya watu, "Wewe unakuja kuhesabu siku moja unaondoka. Mimi ndiye ninayelala na wasiwasi wa ghala hili mwaka mzima." Watu wakacheka. Bi Nionyeshe akacheka nao, lakini maneno yale yalimkaa rohoni.

Kuhesabu mali ya ghala si kazi ya kukimbilia. Milango hufungwa, magari husimama, hakuna kinachoingia wala kutoka. Bi Nionyeshe huanzia mlangoni. Mwenzake, mkaguzi mnene anayeitwa Shwari kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekasirika, huanzia ukuta wa nyuma. Kila rundo wanalolimaliza hulitia mstari wa chaki kwenye chaga, zile fremu za mbao zinazobeba makasha yasiguse sakafu. Mstari maana yake ni kwamba rundo limehesabiwa, pita. Bila alama hiyo, wawili hao wangekutana katikati na kuhesabu vitu vilevile mara mbili, na kampuni ingejikuta tajiri kwenye karatasi tu.

Siku ya kisa hiki walimaliza mchana, wakaketi kulinganisha. Mkaguzi halinganishi kila kitu, maisha yangemwishia humo. Huchagua baadhi ya bidhaa bila upendeleo, kama mpishi anavyoonja mchuzi kwa kijiko badala ya kunywa sufuria nzima. Akikuta kilichomo ghalani kinakubaliana na kilichoandikwa kwenye kompyuta, hutulia. Asipokuta, hulazimika kujiuliza kama kasoro imeishia kwenye kijiko au imeenea sufuria nzima.

Siku hiyo kijiko kilitoka kibaya. Rangi zilikuwa sawa, mabomba yalikuwa sawa, lakini vigae vilipungua, aina moja baada ya nyingine, na si kwa kasha moja au mawili. Shwari alipopiga hesabu ya upungufu huo ukienea ghala zima, ilikuja idadi ya vigae vya kutosha sakafu za nyumba zote za mtaa wake.

Na hapo Bi Nionyeshe akateleza. Kanuni ya kazi yake anaijua usingizini: ukipata kasoro, kwanza tafuta imetoka wapi, ndipo useme. Lakini mkurugenzi alipopita na kuuliza mambo yanaendaje, alimjibu palepale, tena kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kwamba vigae vingi havionekani.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kungoja. Kabla ya jioni Kufuli alikuwa amenyang'anywa funguo, mnyororo na vyote, mbele ya vibarua aliozoea kuwakaripia. Aliambiwa akae pembeni mpaka Ijumaa, wakaguzi wakishaleta taarifa yao iliyotiwa saini. Taarifa ikisema mali haipo, kazi hana, na polisi watajua pa kumpata. Kufuli hakujitetea. Alisema tu kwamba vigae viko ndani, akaulizwa viko wapi, akasema ndani, na kwa kuwa hakuruhusiwa tena kuingia, mazungumzo yakaishia hapo.

Siku zilizofuata Bi Nionyeshe alizimaliza kwenye makaratasi. Alifuatilia vigae tangu kununuliwa: mwuzaji amethibitisha kuvipeleka, mizigo imepokelewa, bei zimelipwa. Alifuatilia mauzo: hakuna kilichotoka bila hati. Kila ushahidi aliougusa ulisema kitu kimoja, kwamba vigae vile vilipaswa kuwa ghalani. Kwa hiyo kama havipo, aliyeshika funguo ndiye wa kuulizwa. Ushahidi ulikuwa umekamilika, umenyooka, na ulimwelekea mtu ambaye yeye hakumpenda.

Kila asubuhi akiingia alimkuta Kufuli kwenye benchi la getini, amevaa shati lake la kazi, chakula chake cha mchana kikiwa kwenye mfuko miguuni. Hakuwa na sababu ya kuja, lakini alikuja. Bi Nionyeshe alijifanya anasoma simu akapita. Ilimuudhi kumwona pale, na hakutaka kujiuliza kwa nini ilimuudhi.

Aliyemuuliza ni mumewe. Alhamisi jioni fundi alikuwa akishona pindo la sketi, na mkewe alikuwa akimweleza habari ile kwa mara ya tatu: majivuno ya Kufuli, mabuti, kicheko cha watu, na sasa mambo yake yamejulikana. Fundi akasimamisha cherehani.

"Mke wangu, mbona unasimulia kama unayesherehekea?"

Alikasirika. Alimwambia yeye hasherehekei, yeye anafanya kazi, na kazi yake ina vigezo, na kwamba mtu wa sindano na uzi asimfundishe ukaguzi. Fundi akasema sawa, akarudi kwenye pindo lake. Bi Nionyeshe akaingia jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Ukweli ulimchoma. Alikuwa amefurahi. Tangu pale upungufu ulipotokea alikuwa amefurahi, na kwa furaha hiyo alilisahau swali ambalo angemuuliza mtu mwingine yeyote: nionyeshe. Nani aliyemwonyesha kwamba vigae havipo? Karatasi yake mwenyewe ya kuhesabia, basi.

Ijumaa asubuhi hakwenda mezani. Alikwenda kwa mkurugenzi akaomba afunguliwe ghala. Mkurugenzi akanung'unika kwamba yeye anangoja saini, si matembezi. Bi Nionyeshe akamjibu kwa adabu kwamba mkono wa kutia saini ni wake, nao bado hauko tayari. Alipewa funguo. Alivaa yale mabuti bila kuambiwa, akaingia na Shwari, wakawasha taa.

Hakuhesabu mara moja. Alitembea taratibu katikati ya marundo, pale ambapo yeye na Shwari walikuwa wamekutana siku ile, akigusa makasha kwa kiganja. Kwenye rundo moja la vigae vya kijivu akainama. Chaga ilikuwa na mstari wa chaki ya buluu, kama ilivyopaswa. Lakini ulikuwa umefifia, umekwanguliwa katikati, kama uliopitiwa na mvua na uma za mashine ya kubebea mizigo. Rundo la jirani lilikuwa na mstari mnene, mbichi, unaobaki kidoleni. Aliupitishia kidole ule wa kwanza, hakikubaki kitu.

Alimwita Shwari, akamuuliza kama alilihesabu rundo hili. Shwari akasema la, alipofika lilikwisha kutiwa alama, akajua ni la kwake Bi Nionyeshe. Na yeye Bi Nionyeshe alikumbuka vizuri kwamba alipofika aliuona mstari akajua ni wa Shwari.

Akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye kasha: mzigo ulikuwa umefika mwezi uliopita. Lakini mstari ule haukuwa wa siku ya kuhesabu, na kwa namna ulivyochakaa ulikuwa na miezi. Ndipo akakumbuka kwamba katikati ya mwaka walikuja kuhesabu kidogo, kujipunguzia kazi ya mwisho wa mwaka, na siku hiyo pia walitumia chaki ya buluu. Kila ziara huwa na rangi yake. Mara hii ilikuwa zamu ya nyekundu, lakini kasha la chaki ya buluu lilikuwa limebaki nusu mkobani mwake, na kwa kuwa yeye hapendi kutupa kitu kizima, wakaitumia tena. Vigae vya wakati ule viliuzwa zamani. Mbao hazikuuzwa. Chaga zilirudi kazini na mistari yake, zikapakiwa mizigo mipya, na wakaguzi wawili wenye vyeti ukutani wakazipita moja baada ya nyingine, kila mmoja akimwamini mwenziwe.

Walihesabu upya kila rundo lenye mstari wa zamani, safari hii kwa nyekundu. Shwari alisoma, yeye akaandika, na kila aina walipoimaliza upungufu wake ukatoweka. Kisha, kwa kuwa yeye ni yeye, akachagua bidhaa nyingine ambazo hazikuwemo kwenye kijiko cha kwanza, akazipima pia. Zote zilikubaliana na kompyuta. Aliketi juu ya kasha la masinki akashusha pumzi ndefu mpaka Shwari akamuuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amefurahi kwa mara ya pili wiki ile, na furaha hii haikumwachia aibu, au labda kidogo tu.

Kwa mkurugenzi hakuzunguka. Alimwambia mali yote ipo, kasoro ilikuwa ya wakaguzi wenyewe, na kwamba aliyetamka mapema ni yeye, si Shwari. Mkurugenzi akauliza kama taarifa itaandikwa hivyo hivyo. Akajibiwa itaandikwa hivyo hivyo, na bosi wa wakaguzi atapata nakala. Mkurugenzi akakuna kidevu, akasema basi amwite yule mtu. Bi Nionyeshe akasema atamfuata mwenyewe.

Kufuli alikuwa palepale kwenye benchi. Alipomwona amekuja amemsimamia akakaza uso, kama mtu aliyejiandaa kupigwa. Bi Nionyeshe alikuwa amepanga maneno mengi njiani, kuhusu chaki na chaga na rangi za ziara. Yote yakamtoka kichwani.

"Kaka, vigae vipo vyote," alisema. "Sisi ndio tuliovipita bila kuvihesabu. Nimekukosea, na nimekuja kukuomba radhi."

Kufuli akautazama mfuko wa chakula uliokuwa miguuni pake, kisha akatazama upande wa barabara.

"Mke wangu hajui," alisema mwishowe. "Kila asubuhi ananifungia chakula, namuaga, namwambia naenda kazini. Sikupata mdomo wa kumwambia. Mimi sijawahi kumdanganya mke wangu, mama, na wiki hii nimemdanganya kila siku."

Bi Nionyeshe alihisi machozi yakimjia, akayaachia, kwani hapakuwa na mtu wa kumficha isipokuwa mlinzi.

"Hukumdanganya," alisema. "Ulikuwa kazini."

Akamnyooshea funguo. Kufuli alizipokea, akazitandaza kiganjani, akaanza kuzihesabu moja moja mbele yake bila haraka, na Bi Nionyeshe akasimama akamngoja mpaka amalize.