Bibi kanihamisha chumba kwa ajili ya wakimbizi

Jamani, leo bibi yangu kanitoa chumbani kwangu!

Mnaijua kampeni yangu ya kuziomba nchi ziwape hifadhi watu wanaokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jumapili niliisemea kanisani hapa Mungaa. Bibi alikaa benchi la mbele, anafuta machozi.

Leo narudi kutoka Singida mjini, nakuta nguo zangu ziko stoo, juu ya magunia ya alizeti. Chumba kimefagiliwa, kitanda kina shuka jipya. Jogoo kafungwa mguu pale mlangoni.

"Shikamoo bibi. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Wageni wako wanafika lini?"

Nikacheka (hapo ndipo nilipoharibu). Nikamweleza taratibu kwamba tunaziomba serikali ziwapokee, siyo sisi wa humu ndani.

Bibi akanyoosha lile shuka jipya.

"Kwa hiyo ulisimama mbele ya watu wote kuwaombea wageni nyumba za wenzako?"

Nyie mngejibu nini?

Naandika nimekalia alizeti. Nimejaribu kuomba basi walau jogoo tumle.

"Huyo ni wa wasio na kwao," kasema. "Wewe unako."