Aliyenipa Namba Moja na Nusu

Habari ilinikuta sokoni Kisii siku ya Jumatatu, nikiwa nimeinama nachagua viazi. Mama mmoja muuza ndizi tunayefahamiana naye alinigusa bega, akaniambia kwamba yule mwenye duka la taa na vitambaa karibu na msikiti alifariki Jumamosi asubuhi na akazikwa jioni yake, maana wenzetu Waislamu hawamchelewishi marehemu. Niliumia sana kwamba sikumzika. Lakini sitawadanganya, wasomaji wangu wa kila juma: kabla machozi hayajafika nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, na nilikimbilia nyumbani Kiogoro kushika kalamu hata viazi nikavisahau kwa yule mama. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kuchagua ulimi wa klarineti, na kisa chenyewe nimekikalia miaka kumi kwa aibu.

Klarineti, kwa asiyeijua, ni ala nyeusi ya kupuliza, ndefu, yenye vifungo vingi kuliko koti la askari. Mdomoni mwake hufungwa kibanzi chembamba cha tete, na hicho ndicho tulichokiita ulimi. Kisipotetemeka, ala nzima ni gogo. Ndimi hizo huja na namba: namba ndogo ni laini, namba kubwa ni ngumu. Mimi sikulijua hilo. Wakati ule Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha majuzi, na askari mmoja aliyepiga katika bendi ya jeshi alikuwa amerudi na kukusanya vijana mjini waunde bendi. Tulikuwa Wasabato na Wakatoliki, hawa Jumamosi haiwezekani, wale Jumapili haiwezekani, basi mazoezi yakawa Jumatano. Klarineti ilikuwa moja tu. Nilikabidhiwa mimi, mwalimu kijana wa watoto wa herufi, kwa majaribio ya majuma mawili, nikaambiwa ulimi nijitafutie mwenyewe.

Kisanduku cha ndimi kilikuwa katika duka moja tu, kati ya tambi za taa na vigurudumu vya uzi. Nikaingia kifua mbele nikaomba namba nne. Mwenye duka, mtu mwembamba mwenye haraka, asiyependa mteja anayeshikashika vitu, akaniuliza kama nimewahi kupuliza.

"Bado."

"Basi kwa nini nne, mwalimu?"

"Kwa sababu nimemaliza darasa la nne."

Hakucheka. Alinitazama kifuani, si usoni, kama anayepima pumzi, akasema, "Chukua moja na nusu." Nikawaka. Enzi zile darasa la nne lilikuwa jambo kubwa. Watu walinifuata hadi shambani niwasomee barua zao, na huyu, mbele ya wateja, ananipa moja, tena na nusu, kana kwamba nilifukuzwa shule katikati ya darasa la pili. Nikachukua nne yangu nikatoka bila kuaga.

Majuma yale mawili yalinikondesha. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba na mashavu yakauma, na kilichotoka ni upepo mtupu. Mama yangu alikuja mlangoni, akaniita tata, jinsi akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kiume, akauliza, "Tata, ni moto gani huo unaopuliza usiowaka?" Nilimwambia kwamba ndivyo muziki unavyoanza. Siku ya Jumatatu mkuu wa bendi akanikuta njiani, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Jumatano mimi nataka sikia mstari moja ya wimbo. Kama hapana, hii kitu inaenda Manga." Kumbe kulikuwa na jamaa wa Manga aliyekuwa akiisubiri. Wasomaji, sijawahi kukitaka kitu hapa duniani kama nilivyoitaka klarineti ile, na sasa ilikuwa inaondoka.

Kesho yake asubuhi niliifunga ndani ya foronya nikateremka mjini. Kiburi nilikiacha Kiogoro, au nusu yake. Nilitarajia anisimange, lakini mwenye duka alitoka nje barazani na kisanduku chake, akatandika kitambaa cheupe, akamwaga ndimi zote juani. Ndipo niliposikia kwamba baba yake alikuwa mtu wa Pwani aliyeoa huku kwetu, mpiga zumari wa harusini, na yeye utotoni ndiye aliyemkatia ndimi za zumari kwa majani makavu. Klarineti hakuwahi kuishika, lakini tete alilijua. Aliinua ulimi mmoja mmoja mbele ya jua. "Tazama, kivuli kiwe katikati, na mwanga pande zote mbili uwe sawa. Huu una ukijani, ulikatwa ungali mchanga, weka kando. Huu rangi yake ni ya nyasi kavu za kuezekea. Ngoja." Akaulaza upande wake bapa juu ya kioo, akaubonyeza kwa kidole kuona kama unacheza. Haukucheza. Kisha akanipa.

"Lowesha. Mimi nimefunga Ramadhani, mate utatoa wewe."

Nikaulowesha, nikataka kuufunga papo hapo. Akanizuia mkono. "Uache unywe kwanza. Una haraka kunishinda." Tukangoja, tukaufunga, nikapuliza kwa woga.

Ikalia! Ilitoa sauti nene, ya kweli, ikavuka barabara, na fundi wa cherehani pale barazani akasimamisha mguu. Nikapuliza tena nisije nikawa nimeota. Nilikuwa nacheka na kupuliza kwa pamoja, jambo ambalo halifai, na mwenye duka naye meno yote nje. Ulikuwa moja na nusu. Ile nne nikamwachia, sikutaka kuiona tena. Akasema iliyokwisha kuingia mdomoni haiuziki, ila ataniwekea. Jumatano nilipiga mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, ukitetemeka lakini wote, na mkuu wa bendi akasema maneno mawili tu: "Kaa nayo." Ninayo mpaka leo.

Nimemfikiria sana juma hili. Siku hizi mjini kila mtu anataka namba nne: koti la nne, cheo cha nne, mtoto asukumwe darasa asiloliweza ili mzazi apate la kusimulia. Na wauzaji wanatuuzia, kwa nini wasituuzie? Yeye alitazama kifua cha mtu kwanza. Nashukuru mpaka nataka kupiga kelele.

Juzi nilikwenda kuwapa pole. Mwanawe alinitolea kiberiti kimefungwa kwa uzi, kimeandikwa kwa mkono wa marehemu: Mwalimu wa Kiogoro. Ndani ilikuwa nne yangu. Nilirudi nyumbani, nikailowesha, nikaiacha inywe, nikapuliza kwa pumzi ya miaka kumi. Upepo mtupu. Nimeirudisha katika kiberiti. Mimi sasa ni mwalimu mkuu, nina miwani na baiskeli, na nawaambieni bila haya: namba yangu ni tatu. Anayeanza na aanze na ulimi unaolia.