Nduma za Kona

Kananu alitoka kwao Nkubu kuja kuolewa Kianjokoma akiwa na cheti cha ualimu, sanduku la nguo na ulimi usiojua kukaa kimya. Nguo zilichakaa, ulimi ukabaki. Ni huo ulimi uliomwingiza katika masomo ya historia. Siku moja alibishana na mwalimu mkuu katika chumba cha walimu kuhusu habari za ukoloni, akashindwa mbele ya wenzake, akatoka humo akiapa kwamba digrii ataipata hata kama ni ya kumnyamazishia mtu mmoja.

Basi shule zilipofungwa Agosti, akajiandikisha katika chuo kimoja kinachofundisha kwa mtandao, somo la historia, muhula mfupi. Ufupi wa muhula huo ulikuwa wa kikatili. Yale ambayo wengine huyasoma polepole wakinywa chai, wao walishindiliwa yote ndani ya likizo: leo misafara, kesho reli, keshokutwa mashamba ya walowezi. Ukienda kukama ng'ombe, ukirudi unakuta nchi imeshatawaliwa.

Shida ilikuwa netiwaki. Nyumbani simu ilishika kwa kubahatisha, sauti ya mhadhiri ikija vipandevipande. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuaminika, kule juu ya shamba, msitu wa Mlima Kenya unakoanza, kando ya mtaro. Kananu alipeleka kigoda chake huko, akajifunika shuka na mwavuli kwa sababu ya manyunyu ya Agosti, akawa anasoma historia ya nchi huku mbuzi wakimkodolea macho.

Mtaro wenyewe ulikatiza shamba zima, mpana, mrefu kwenda chini, ingawa udongo wa miaka mingi ulikuwa umeujaza kiasi. Majirani hawakuwa na kitu kama hicho. Kwao ardhi ilikuwa sawa mpaka kwenye miti. Hapa tu, kwa baba mkwe wake marehemu mzee Kinyua, ndipo palikuwa na shimo, na ndani yake nduma, yaani magimbi, zilistawi kuliko kwingine kokote, majani mapana, unyevu mwaka mzima. Zikichemshwa asubuhi, mtu hakumbuki mkate.

Mwenye nduma hizo alikuwa Wambeti, mama mkwe wa Kananu, mjane aliyekaribia miaka themanini na bado alijitekea maji. Alizipanda yeye, akazipalilia yeye, akagawia kanisa zima. Ila hakuzila. "Zinaniwasha koo," alisema, na yakaisha. Tena kulikuwa na zile za kwenye kona, mahali mtaro unapopinda. Hizo hazikuvunwa. Kananu, akiwa bibi harusi mgeni, aliwahi kuing'oa moja bila kujua, na yule mama akamfokea hadi akatamani kurudi Nkubu kwa miguu. Kila nyumba ina vituko vyake, Kananu akajiambia, akaacha za kona zizeeke.

Sasa huyo mumewe. Nthiga alikuwa kitinda mimba wa Wambeti, mtu wa ofisi huko Embu mjini, na kama watu wengi wa ofisini alikuwa na mipango mingi ya shamba asilolilima. Safari hii alitaka kufuga samaki. Shimo lipo, maji yapo, kilichobaki ni kupanua na kuchimba zaidi pale kwenye kona, ambapo maji hutulia. Vijana wa kuchimba walishaambiwa waje Jumamosi asubuhi.

"Mtaro huo uwache," mama yake alimwambia.

"Kwa nini, Mama?"

"Uwache tu."

Alimwambia hivyo mara kadhaa wiki hiyo, kila mara bila sababu. Nthiga alicheka kwa upole, upole wa mtoto anayeamini mzazi ameanza kuchoka akili. "Mama amezeeka," alimnong'onezea mkewe. "Akiona samaki atafurahi." Naye Kananu, ambaye kwao samaki hawakuwa na maana yoyote, alikuwa tayari ameshajionea bwawa, wateja wa hoteli, na yeye mwenyewe akipokea simu. Akamwunga mkono mumewe bila hata kufikiri.

Katikati ya wiki hiyo mhadhiri wao, Dkt. Kailemia, mtu mpole mwenye kikohozi, alitoa kazi. Kila mwanafunzi achague jina la mtu mmoja nyumbani kwake, aulize lilitoka kwa nani, kisha aandike maisha ya huyo aliyelibeba mwanzo. Kananu alicheka peke yake pale kwenye kigoda. Kazi rahisi namna hii! Kwao na kwa Waembu majina ya watoto huenda kwa zamu, upande wa baba kisha upande wa mama; mwana wa kwanza wa Kananu aliitwa Kinyua kama babu yake, na Nthiga alipewa jina la kaka wa mama yake. Habari za mjomba huyo zilijulikana mtaani. Alichukuliwa na Hali ya Hatari, enzi za vita vya kudai uhuru. Nthiga hakuhudhuria harambee wala mazishi bila kumtaja. "Mjomba wangu alikuwa msituni," angesema, na kadiri miaka ilivyokwenda mjomba akaongezewa bunduki, nywele ndefu, na siku moja, baada ya soda kadhaa, hata cheo. Ajabu ni kwamba Wambeti hakuwahi kusema hayo. Yeye alisema tu, "Emajensi ilimchukua," akainuka kwenda kuangalia sufuria.

Ijumaa mchana darasa lilikuwa juu ya vijiji vya lazima. Dkt. Kailemia alieleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyowaondoa watu mashambani mwao na kuwafungia vijijini, wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Halafu akaweka picha kwenye skrini. Wanawake, safu kwa safu, wameinama na majembe ndani ya mtaro mrefu, na nyuma yao msitu. Juu ya ukingo wamesimama gadi, askari wa hukohuko nyumbani waliotumikia serikali. Pembeni kabisa, kwenye udongo uliotupwa juu, wameketi watoto.

"Mtaro huu ulichimbwa kwa lazima ukingoni mwa msitu wote huu wetu, ili kuwatenga wapiganaji na watu," alisema mhadhiri. "Sehemu kubwa ilifukiwa baadaye watu walipogawiwa mashamba. Imebaki vipande vichache sana. Kuna mtu amewahi kukiona kimoja?"

Kananu aliitazama picha. Akautazama mtaro miguuni pake. Akatazama tena picha. Miaka yote hii alikuwa akila kutoka humo, akiinama humo, akiwatuma watoto humo! Alikuwa ameketi palepale walipokuwa wameketi wale watoto.

"Mwalimu Kananu," akaita Lorna, mwanadarasa mwenzake wa Kiambere, "umeganda ama ni netiwaki?"

"Niko," alisema Kananu. "Niko juu yake. Nimeukalia."

Hakusubiri darasa liishe. Aliteremka shamba mbio, mwavuli ukabaki hukohuko, akamkuta Wambeti jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Walizoea kuzungumza Kiswahili wao wawili, kwa sababu Kimeru cha Kananu kilimchekesha mama mkwe na Kiembu chake kilimkera.

"Mama, ule mtaro. Ni wa Emajensi?"

Vidole vya Wambeti havikusimama. "Nani amekuambia?"

"Chuo. Wametuonyesha picha."

"Haya. Sasa umejua."

"Na mimi naandika habari za mjomba. Yule Nthiga wa kwanza. Yeye alikuwa msituni wakati mnachimba, ama alikuwa ameshauawa?"

Hapo vidole vikasimama. Wambeti alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kumtwika mwingine.

"Msituni gani, Mama Kinyua? Bunduki ya nani? Huyo hata suruali hakuwa nayo. Huyo alikuwa mtoto. Alikuwa anajifunza kutembea."

Kananu aliweka simu chini.

"Mimi ndio nilikuwa yaya wake," Wambeti akaendelea, macho kwenye maharagwe. "Mama yetu yuko chini anachimba, mimi nakaa juu na mtoto. Baridi ilikuwa kama hii ya sasa, manyunyu kila siku. Akashikwa na homa. Nikaita mama. Gadi akamwambia, chimba. Jioni mtoto alikuwa moto, hata maziwa hataki. Kesho yake tukarudi tena, maana ukikosa kuonekana ni kiboko. Nikamshika, nikamshika. Halafu akawa mzito. Nikaita, mama, Nthiga amelala vibaya."

Nje jogoo aliwika bila sababu. Kananu alikuwa amekalia gunia la viazi na hakukumbuka aliketi saa ngapi.

"Gadi hakukubali mama apande juu. Akasema, mlete hapa chini. Nikamshusha. Mama akamfunga na shuka yake, akamchimbia hapo hapo kwenye ukuta wa mtaro, akamfunika. Kisha akaambiwa aendelee na kazi. Akaendelea. Unasikia? Aliendelea kuchimba."

"Kwenye kona," Kananu alisema.

"Kwenye kona. Mimi nikamwambia mtoto, kaa hapo, nitarudi kukuchukua. Nilikuwa mdogo, sikujua kitu. Nilifikiri tutarudi jioni."

Wambeti akachukua ungo, akapepeta kidogo, maganda yakaruka. Akauweka tena chini.

"Nilipokuwa msichana mkubwa nilitakwa na watu. Mmoja alikuwa karani, na viatu vizuri. Mwingine wazazi wake walikuwa na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu. Wakati huo mashamba yameshagawanywa. Nikauliza, kile kipande chenye kona ni cha nani? Wakaniambia ni cha kina Kinyua. Kinyua alikuwa mtu mfupi, hana kitu, tena anaongea polepole mpaka unasinzia. Nikasema, huyo ndiye."

"Mama!"

"Kwani nini? Alikuwa mtu mzuri. Nilimwambia ukweli siku ile alikuja kuniposa. Majirani wote walipofukia mtaro wao, yeye hakufukia. Walimcheka mpaka akafa, na hakusema. Mimi nikapanda nduma, kwa sababu mahali pa nduma hakuna mtu anajenga nyumba. Lakini kula, siwezi."

Kananu alitaka kulia, machozi yakakataa. Aliogopa. Ndiyo, aliogopa kwelikweli, akiwa mwanamke mzima na darasa lake la watoto hamsini, kwa sababu aliona bwawa alilolijenga kichwani, wale samaki, zile simu za wateja, na kesho ilikuwa Jumamosi.

"Kwa nini hukumwambia Nthiga?"

"Ningemwambia vipi? Kila mahali anasimama anasema mjomba wake alikuwa shujaa. Anafurahi. Nimwambie jina lake ni la mtoto aliyekufa kwa baridi?"

Nthiga aliporudi kutoka Embu alikuwa na jembe jipya begani, karatasi ya dukani bado imeuzunguka mpini. Aliwakuta mkewe na mama yake wameketi jikoni hawazungumzi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aoe. Alitania kwamba labda chuo kimemfukuza mtu. Kananu alijaribu kuanza. Alijaribu tena. Ule ulimi uliomwangusha mbele ya mwalimu mkuu, uliozoea kusema kabla mwenyewe hajataka, safari hii uligoma kabisa, akabaki kumwonyesha mumewe kwa mkono: keti.

Basi Wambeti mwenyewe akasema. Alisema kwa Kiembu, kwa sauti ya kawaida, na hakuchukua muda. Nthiga alisikiliza akiwa bado na jembe begani. Yalipofikia mahali gadi aliposema mlete hapa chini, alilishusha akaliegemeza ukutani taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. Mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Uliponiita Nthiga, Mama, uliona nini?"

"Niliona nimerudi," alisema Wambeti. "Nilikuwa nimemwambia nitarudi."

Nthiga alitoka nje akiwa amevaa viatu vya ofisini, akapanda shamba, na Kananu akamwona kutoka mlangoni akisimama kwenye kona, mikono mifukoni, nduma zikimfika kiunoni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu na alisimama pale kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Asubuhi vijana wa kuchimba walifika na majembe yao, wakiongozwa na Muthamia, mcheshi wa soko lote la Kianjokoma. Nthiga aliwangoja getini. Aliwaambia hakuna kuchimba.

"Aah, boss, umeogopa samaki?" Muthamia akacheka. "Ama umepata mwingine wa kuchimba?"

"Hapana. Kuna mtu pale."

"Mtu? Nani huyo?"

Kananu alikuwa nyuma yake na birika la chai.

"Nthiga," mumewe akasema.

Muthamia aliangua kicheko, akawageukia wenzake wacheke naye. "Sasa kama Nthiga yuko kule, hapa tunaongea na nani?"

Wambeti alikuwa anapita nyuma yao na kikapu kitupu, akielekea juu kwenye mtaro, na mwanawe akawaacha wanaume wale na chai yao, akamfuata, akamshika mkono kwa sababu njia ilikuwa na utelezi.