Mashuka ya Xintang na Kiwanja cha Kaka Idi

Siku yangu ya kwanza kazini Guangzhou nilifulishwa kitambaa. Loo, mimi na cheti changu cha chuo! Nilitoka uwanja wa ndege wa Baiyun nimevaa sketi ya pasi, nikidhani nitaonyeshwa meza yangu, kumbe Mkaguzi Mwandamizi, mzee wa Moshi asiyecheka ovyo, ameniandalia beseni. Akanipa kipande cha pamba. "Fua," akasema. Nikafua, maji yakawa kama uji wa mgonjwa.

"Huo ni wanga," akasema. "Kitambaa chepesi hulishwa wanga kikajifanya kizito. Ukikiweka kwenye mizani kabla ya kukifua, binti, umepima uji."

Nyinyi mnaokagua mizigo kwa picha za simu chekeni tu. Mwishoni mwa miaka ya tisini mkaguzi alikuwa na beseni, mizani na mkasi. Kituo chetu kidogo kilinunua vitu vya hospitali na shule za serikali, na mimi nilikuwa pale kwa sababu nilisoma kwa mkopo. Mkataba wangu ulisema hivi: ukimaliza chuo, itumikie serikali miaka minne popote utakapopangwa, na kila mwaka utakufutia robo ya deni. Ukifukuzwa kabla ya kumaliza, deni lote linarudi, na anayelibeba ni mdhamini.

Mdhamini wangu alikuwa Kaka Idi, fundi cherehani wa Tanga, aliyenilea baada ya baba kufariki. Aliweka rehani kiwanja chake, ambako alikuwa akikusanya matofali kidogo kidogo ili atoke kwenye nyumba ya kupanga. "Kasome," aliniambia. "Matofali hayaozi."

Nilianzia Shahe, kwenye masoko ya nguo za bei chee, kutafuta sare. Huko nilijifunza kumwita mwenye duka laoban, yaani bosi, na kuambiwa mei you, yaani hakuna, hata kitu chenyewe kikiwa kinaning'inia mbele ya pua yangu. Wafanyabiashara wa Kariakoo walinitania. "Bi mkubwa wa serikali, acha kunusa nguo, nunua!" Nilikuwa na mdomo, nikawajibu, tukacheka. Siku zile nilikuwa na raha, na kila mwisho wa mwezi nilimpigia Kaka Idi kwa simu ya kituo, yeye akipokelea duka la jirani yake.

Baadaye nikahamishiwa Xintang, mji wa viwanda vya nguo nje kidogo ya Guangzhou, kwa laoban mmoja mshona jinzi aliyekubali pia kufuma mashuka ya hospitali, meupe yenye mistari miwili ya buluu pindoni. Desturi yetu ilikuwa kipande cha shahidi. Mkishapatana, wewe na laoban mnatia sahihi kwenye kitambaa kimoja, mnakikata katikati kwa mkasi uendao upogo, kila mtu anabaki na nusu yake. Siku ya kupakia kontena mnaunganisha nusu hizo mbili, mnachomoa shuka kwenye katoni yoyote, mnalifua, mnalikausha, ndipo mnapima. Likilingana, unatia sahihi ya ukaguzi. Bila sahihi ile benki haimlipi laoban hata senti.

Mwaka wangu wa nne ulikuwa unaelekea ukingoni. Mkaguzi Mwandamizi alikuwa amekwisha kustaafu, nimebaki peke yangu na beseni lake. Likaja kontena kubwa la mashuka, nami nikachomoa moja, nikalifua. Uji mtupu! Lilipokauka niliona vidole vyangu upande wa pili.

Mkuu wa Kituo alikuja mwenyewe mpaka Xintang, amevaa suti kwenye joto lile.

"Bi Zuhura, kule nyumbani wagonjwa wanalalia magodoro matupu. Shuka jepesi si bora kuliko kukosa kabisa?"

"Mkuu, likifuliwa mara tatu litakuwa chandarua."

"Meli haingoji mtu. Na wewe umebakiza kidogo tu deni liishe. Jihurumie."

"Siweki sahihi."

"Hiyo ni amri."

"Ng'o, Mkuu."

Laoban, kwa kukosa malipo, alifuma mashuka yote upya, na safari hii yalilingana na kipande cha shahidi. Mimi nilirudishwa nyumbani kwa kukaidi amri. Waliosimamia mikopo walisoma neno moja tu, amefukuzwa. Deni likarudi lote, kiwanja cha Kaka Idi kikauzwa pamoja na matofali yake. Nilipomweleza aliendelea kushona. Ningalitukanwa ningalipata nafuu.

Nikafanya kazi ya kuwakagulia wafanyabiashara mizigo bandarini Dar es Salaam kwa miaka mingi. Pesa nilizompelekea kaka alizila na wanawe kwenye nyumba ileile ya kupanga. Sasa vijana wenye mikopo huniuliza kama wakubali kwenda kutumikia mikoa ya mbali ili deni lipungue. Nawaambia nendeni, ni kazi ya heshima. Lakini moyoni najuta, tena najuta hasa, na mwanzoni sikujua ninachojutia ni nini.

Nilikijua katika hospitali ya mkoa, miaka michache baada ya kufukuzwa, Kaka Idi alipopasuliwa ngiri. Nilimkuta amelala, anapekecha pindo la shuka kwa vidole, kama fundi anayechagua kitambaa dukani. Nikaitambua mistari miwili ya buluu.

"Ndiyo haya?" akaniuliza.

"Ndiyo, kaka."

Akalipekecha tena. "Zito," akasema. "Limefuliwa mara nyingi, na bado zito."

Nikaanza kulia. Nikamwambia anisamehe, kiwanja kilikuwa chake.

"Ile simu ya Guangzhou ilikuwa mbovu?" akauliza.

"Hapana."

"Ungenipigia, Zuhura. Ningekwambia kataa."

Akageukia ukutani, akajifunika.