Siku ya Jina la Bibi Piroska

Bibi Piroska alikaa mlango wa pili kutoka kwangu, ghorofa ya tatu, katika nyumba kongwe ya Budapest yenye ua katikati na kibaraza cha chuma kinachozunguka kila ghorofa. Kibaraza chetu kina milango kumi na mmoja. Tisa ilikuwa na visanduku vya namba ambamo watalii huchukua funguo. Miwili iliyobaki ilikuwa wake na wangu.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwongoza watalii. Aliwapandisha Wajerumani hadi ngome ya Buda, akawateremsha tena hadi Danube, akawaeleza jinsi madaraja yalivyolipuliwa vitani na kujengwa upya. Alizoea kusikilizwa na watu arobaini kwa pamoja. Mumewe alipofariki na majirani wakauza mmoja baada ya mwingine, sauti ile ilikosa pa kwenda. Ikawa inawaangukia waongozaji wapya walioleta wageni wao uani kuona matundu ya risasi ukutani.

"Wewe mwenye mwavuli!" alipiga kelele siku moja kutoka juu. "Acha kudanganya watu! Hayo ni ya mapinduzi ya mwaka hamsini na sita, si ya vita kuu!"

"Bibi, tuna dakika mbili tu hapa!"

"Basi semeni ukweli dakika mbili!"

Wageni walimpiga picha wakaenda zao. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikicheka peke yangu. Miaka miwili nilikuwa jirani yake na sikuwahi kumwambia zaidi ya shikamoo.

Mwezi wa Desemba tulikutana kwenye ngazi. Alikuwa amebeba viazi, akapumzika.

"Mwanangu Gergő anataka niuze nyumba, nikakae kwao Szeged," alisema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Chumba kinatazama gereji. Nimemwambia nitampa jibu siku ya jina langu. Zamani siku hiyo kibaraza kizima kilihamia kwangu. Akija mtu mmoja tu, nabaki. Asipokuja hata mmoja, basi nitakuwa nimeshahama siku nyingi, ila mwili tu ndio uko hapa."

Kwetu mtu haalikwi kwenye siku ya jina. Kila jiko lina kalenda inayoipa kila siku jina la watu, na anayekukumbuka siku ya jina lako anakuja. Mwenye siku yake anaoka, anaurudisha mlango bila kuufunga, anangoja. Kualika ni kuomba. Kwa hiyo nilielewa kwamba pale kwenye ngazi alikuwa ameniambia kila alichoweza kuniambia.

Tarehe kumi na nane Januari, siku ya Piroska kwenye kalenda, niliomba ruhusa maktaba ninakofanya kazi, nikatoka mapema. Nilinunua maua matano. Ndani ya tramu begi la mtu likanibana, na nilipofika kwenye ngazi zetu nikaona shina moja limekatika. Yakabaki manne.

Maua manne hupelekwa makaburini. Mtu aliye hai hupewa matatu, matano au saba. Nilipofikiria kutoa moja ili yabaki matatu, nilijiona bahili. Harufu ya pogacha, vile viandazi vya chumvi na jibini, ilijaa hadi ghorofa ya pili. Mtu wa nchi nyingine angepanda tu. Mimi niligeuka.

Muuza maua alikuwa ameshafunga. Nikaenda kwa mwingine, karibu na stesheni, nikapanga foleni. Kurudi, tramu ikakwama kwa barafu. Nilifika saa moja jioni nikiwa na maua matano mazima. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nilibisha.

"Shikamoo, Bibi. Heri ya siku ya jina lako."

Aliyatazama maua, kisha akanitazama mimi. Alikuwa amevaa hereni.

"Marahaba. Nimempigia Gergő saa kumi na mbili."

"Nilikuja mapema, Bibi. Nilifika hadi kwenye ngazi. Moja lilivunjika, yakabaki manne…"

"Manne!" Alishika mwimo wa mlango. "Si ungelitupa moja kwenye ndoo ya taka? Ungeniletea hata jani la kabichi!"

"Niliona aibu."

"Na mimi niliyekaa tangu saa tisa nimejipamba, aibu yangu hukuiona?"

Nilimwomba ampigie mwanawe tena. Akatikisa kichwa.

"Amelia kwa furaha. Amemwita mkewe kwenye simu, wamenipangia hadi pazia. Nimwambie nini sasa?"

Akaniingiza. Mezani palikuwa na sahani ya pogacha, juu yake pengo dogo.

"Saa kumi na moja waliingia wawili na masanduku yao," alisema. "Nikasimama, nikawakaribisha. Walikula viwili, wakapiga picha meza, wakauliza bei gani. Walidhani ndiyo nyumba waliyokodi. Nikawaonyesha mlango wao."

"Hao huwezi kuwahesabu?"

"Nilijaribu," alisema.

Alinisogezea kiti. Nilikula kimoja, cha pili, cha tatu. Yeye hakula. Aliniuliza kazi yangu ni nini, nilisoma nini chuoni, wazazi wangu wako wapi. Nilijibu yote. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyowahi kufikiri.

"Miaka miwili nilidhani hunipendi," alisema. "Kila nikitoka, wewe unaingia ndani."

"Nilikuwa nakusikiliza, Bibi. Kutoka nyuma ya pazia."

Alinisogezea sahani.

"Jina lako ni Emőke, sivyo? Siku yako lini?"

"Ishirini na tatu Machi."

Alihesabu wiki kwa vidole, taratibu, akafika mwisho na kuanza upya.

"Nitakuwa nimeshahama," alisema, akainuka kutafuta chombo cha kuwekea maua.