Baiskeli Waliyoiita Fisi

Siku ile mchukuzi mwenzangu Jumanne alipoipa baiskeli yangu jina la Fisi naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu na mimi nilicheka. Ilikuwa asubuhi, pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, wachukuzi tumejipanga tukisubiri mizigo. Akaitazama, mbele iko juu, nyuma iko chini, akasema, "Maduhu, huyu fisi wako anakula nini?" Watu wakaangua kicheko, tukacheka wote, kisha kila mmoja akafunga mzigo wake akaondoka.

Nikueleze baiskeli yenyewe ilivyokuwa. Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa mjini, nguo, viatu, hadi baiskeli. Nikanunua moja ya gia, zile za kupandia milima, magurudumu ya inchi ishirini na sita na tairi pana zenye meno. Kazi yangu ilikuwa kubeba mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya. Nyama walikula wenzetu, sisi tukauziwa mifupa, na tuliambiwa hayo ndiyo maendeleo. Mama yangu, aliyekuwa mjane, aliyakausha kwa moshi nyumbani kwetu Pasiansi, mimi nikayapeleka vijiji vya nyuma ya Usagara.

Njia za huko zilikuwa mawe na makorongo matupu. Gurudumu la mbele lilizama kwenye kila shimo na kunibwaga, mimi kule, mzigo huku. Mwishowe rimu ikapinda, ikawa hainyooki tena.

Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa na baiskeli yake ya zamani, ile ndefu ya inchi ishirini na nane, imevunjika fremu na kutupwa nyuma ya nyumba. Ndiye aliyesema tuchukue gurudumu lake la mbele, pamoja na uma wake, maana bila uma ule lisingeingia wala breki zisingefika kwenye rimu. Tulishinda mchana kutwa tukiifunga, yeye ameshika spana, mimi nimeshika fremu. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama baiskeli ilisimama, mbele gurudumu kubwa jembamba, nyuma dogo nene.

Na ilikwenda, mwanangu. Gurudumu kubwa lilipita juu ya mawe ambayo lile dogo lilikuwa linagota. La nyuma lilibaki chini, mzigo ukatulia, na mlimani gia zilikuwa nyepesi. Kwenye kona kali ilikuwa nzito kidogo, siwezi kukudanganya, lakini niliacha kuanguka. Baba Mkubwa mwenyewe aliipanda mpaka Usagara na kurudi, akaja kwa mama akasema, "Shemeji, hii imetulia kuliko mpya." Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu.

Juzi mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu baiskeli za milimani za siku hizi, mbele kubwa, nyuma dogo, zimetoka hivyo hivyo kiwandani, na kwa bei ya moja unapata ng'ombe wa kutosha kuolea. Alidhani nitafurahi. Nilimrudishia simu yake nikaenda kukaa nje.

Basi biashara ikachangamka. Nilikuwa nafika vijiji ambavyo wenzangu hawafiki, narudi mapema, naondoka tena. Mama akaezeka nyumba bati, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mjane anapata wapi bati? Huyo kijana anawahije kurudi? Wakakumbuka lile jina. Kwetu Usukumani fisi si mnyama wa kutajwa hovyo, maana inasemwa wachawi humpanda usiku kama wewe unavyopanda baiskeli yako. Mama naye macho yalikuwa mekundu kwa ajili ya moshi wa samaki. Wewe unajua moshi unavyofanya macho, na wao walijua, kila nyumba pale ilikuwa na jiko la kuni. Lakini mwanamke mzee mwenye macho mekundu wakati ule aliitwa mchawi, na hakuwa na wa kumtetea. Kuna waliouawa kwa mapanga kwa sababu hiyo tu, na sikusimuliwa, nilishuhudia mazishi yao.

Utani wa Mwaloni ulikuwa umefika nyumbani kwetu, na sikuuona unakuja.

Mtoto wa jirani akaugua homa. Mama akachagua samaki mzima, si mapanki, akanituma nimpelekee mama wa mtoto apike mchuzi. Nikaenda na baiskeli yangu, nikaisimamisha mlangoni, nikamkabidhi samaki, akashukuru. Siku chache baadaye yule mtoto akafariki.

Tukaitwa mbele ya wazee wa mtaa, saa za mchana, watu wamejaa uwanjani. Mmoja akasimama akasema mlangoni kwa marehemu zilionekana alama mbili mavumbini, zinakwenda pamoja, moja nyembamba, moja pana yenye meno. Ile nyembamba ni ya baiskeli, akasema, kila mtu anaijua. Hii yenye meno ni ya nini? Nikasema ni tairi yangu ya nyuma. Wakaniuliza ni nani duniani aliyewahi kuona baiskeli yenye magurudumu mawili yasiyolingana, na ni fundi gani aliyeniagiza kufanya hivyo. Nikawaonyesha Baba Mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mbele.

Mwanangu, ilihitajika sentensi moja tu. "Ni gurudumu langu, tulilifunga pamoja mchana, na baiskeli nimeipanda." Baba Mkubwa alikuwa mtu wa kuheshimiwa pale, angesema hivyo wangetawanyika. Wakamwuliza. Akatazama chini, akakung'uta vumbi kwenye suruali yake, akasema, "Mimi baiskeli yangu niliuza zamani. Ya huyu siijui."

Nilisimama. Mama akanishika mkono akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaa, baba. Usimjibu mkubwa wako mbele za watu. Twende tukafunge mizigo." Nikakaa. Nilifundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hamkanushi baba yake hadharani, na mama alikuwa akiogopa kwamba nikifungua mdomo hatutafika nyumbani wazima. Simlaumu. Aliyestahili kusema alikuwa amekwisha kusema.

Wazee wakatupa nafasi ya kuondoka, wakaiita huruma. Tukavuka na kivuko kwenda Sengerema kwa mjomba. Nyumba ya bati tukaiacha, na aliyeingia kuishi humo alikuwa mtoto wa Baba Mkubwa. Mama alikaa kwa mjomba bila kazi, bila jiko lake, bila wateja wake. Macho yalirudi kuwa meupe kabisa. Kila mgeni akitoka Mwanza alimwuliza habari za Pasiansi, nani kaolewa, nani kajifungua, na mtu akimwuliza atarudi lini alisema bado kidogo. Akafia huko huko.

Siku ya mazishi walikuja. Watu wale wale walipanda kivuko, wakalia, wakala ubwabwa wetu. Baba Mkubwa akapewa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya ukoo. Akasema shemeji yake alikuwa mama mchapakazi asiyekuwa na ubaya na mtu, na kwamba yote yaliyosemwa juu yake yalikuwa uongo, yeye alijua tangu mwanzo. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakamsifu kwa ukweli wake. Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Nilimchukia siku ile kuliko siku ya uwanjani, na mpaka leo, na nywele zangu hizi nyeupe, sijaweza kumsamehe. Padre ananiambia nijitahidi, nami najitahidi, inashindikana.

Kwa hiyo sikufundishi habari za baiskeli. Funga magurudumu unayotaka, mradi breki zinashika. Ninalokuomba ni hili. Ukiona watu wamemzunguka mtu kwa jambo ambalo wewe unalijua ukweli wake, sema pale pale, yeye akiwa bado yupo anasikia. Usingoje hasira zipoe, usingoje aulizwe mwingine, usijifiche nyuma ya heshima ya wakubwa, kwa maana hata mkubwa anaweza kuogopa na kumtupa mtu wake. Utatetemeka, na pengine utapoteza nafasi yako kwenye benchi la mbele. Sema hivyo hivyo ukitetemeka. Kumsifu mtu akiwa kaburini hakumrudishi nyumbani kwake.

Mungu akulinde na vinywa vya watu, mwanangu. Akupe miaka mingi na nyumba utakayozeekea. Na siku ukisimamishwa mbele ya watu huna kosa, akupe mtu mmoja wa kusimama upande wako. Mama yangu hakumpata.