Maliro na Waya ya Phonie

Bwana yangu Maliro alikuwa mutu wa phonie, ile redio ya kuongelea, ku kanisa yetu pa Butembo. Ile miaka ya vita simu haikuwa. Batu ba Kasugho, Kasindi na Manguredjipa baliongea naye, bote ku fréquence moja, kila mutu na zamu yake. Waya ya antena ilifungwa ku mikalitusi mbili. Maliro anapanda, anakunja waya kidogo, anashuka, anabonyeza micro ya kusemea, anaangalia mushale ya mashini, anapanda tena. Miye namuambia: "We, umekuwa nyani?" Anajibu: "Mama Elsa, waya ikipita kipimo, sauti inafia hapa mu kiwanja."

Siku moja basoda, ni kusema baaskari, bale balikamata muji bakasema phonie zote zihamie ku fréquence yao, bapate kusikiliza. Kusema ku ya zamani, marufuku! Maliro akapima waya upya. Kasugho na Kasindi balipata habari kwa bashofere. Manguredjipa hapana, juu hakuna shofere alikubali kuenda kule; balibakia ku fréquence ya zamani.

Sasa musikie akili ya bale batu ba phonie. Batterie ya Manguredjipa ilichoka, donc balipatana hivi: Eliezer wa kule akiuliza njia, Butembo inajibu tu kama njia ni mubaya. Kimya, maana yake njia ni muzuri, mukuye.

Siku ingine, saa sita, nilimuletea Maliro bugali. Soda mumoja alikaa pale kumuchunga. Maliro akarudisha kifungo ku fréquence ya zamani, kusikiliza tu. Eliezer akaita:

"Butembo, njia iko namna gani? Niko na Jokébed, dada yako, na batoto bake. Tunataka kutoka sasa."

Mama we! Jana yake batu baliuawa mu ile njia.

Maliro akashika micro. Soda akaweka bunduki juu ya mukono yake. "Te!" Ni Lingala: hapana.

"Chef, neno moja tu! Nikinyamaza, batakuya!"

"Ukinyamaza, umenyamaza," soda akacheka.

Nikapiga magoti. Nilimuita chef, nilimuita papa, na alikuwa mudogo kwangu. Hapana. Nilichukia hata ile mashini.

Jokébed mwenyewe akasikika, na furaha: "Yaya Maliro, kaka yangu, aksanti sana! Tunakuya."

"Bakia!" Maliro alilia. "Jokébed, bakia!"

Micro ilikuwa chini ya bunduki. Tulimusikia miye na soda tu.